Nyuki Wamekataa Utamu Wako

Singida mjini,
9 Juni 2024

Kwa mke wangu mkubwa Bibi Felista, Mgori,

Shikamoo Bibi. Marahaba yako nimeshaisikia hadi huku, usijisumbue. Habari za magoti, habari za kuku, habari za yule jogoo anayejiona mwenyekiti wa kijiji? Mimi mumeo ni mzima, tena nimenenepa. Ukinikuta stendi utanipita ukidhani ni mwenye basi.

Ulisema tusiongee kwenye simu kwa sababu simu ya nyumbani ni ya Baba mdogo Antipasi, na yeye akipokea anaweka sauti ya nje mpaka mbuzi wanajua habari zetu. Sawa. Mtu mwenye kidato cha pili kama mimi (nilikiacha mimi, siyo kiliniacha) haogopi kalamu. Barua anakuletea Simeoni wa bodaboda. Nimemwambia akikupa mbele ya watu nitamvunjia taa ya pikipiki.

Tangu siku ile ya mwezi wa tano tulipotoka kupima, ukaniapisha pale getini kwamba sukari yako ni siri ya watu wawili, sijafungua mdomo. Hata Mzee Rahimu, tajiri wangu wa duka la jumla, anajua tu kwamba nina mke Mgori anayependa vitamu.

Sasa fungua kifurushi. Hicho kikopo chenye mfuniko wa kijani ni vidonge vya utamu. Ukibonyeza juu kinadondosha kimoja kimoja, kama mbuzi. Kidonge kimoja ni sawa na kijiko cha sukari, koroga, kunywa, na damu yako haitajua kwamba kuna kitu kimepita. Wake za wakubwa hapa mjini ndivyo wanavyokunywa. Na usidhani nimeokota tu dukani. Nimemuuliza daktari mkubwa kabisa, rafiki yangu, tunataniana naye. Akasema, "Enock, mpe mkeo bila wasiwasi."

Ona sasa faida ya kuolewa na mtu wa mjini.

Mumeo mdogo mwenye nguvu zake,
Enock


Mgori,
20 Juni 2024

Mume wangu Enock,

Marahaba. Mzigo nimeupata. Huyo Simeoni alinikuta naanika mtama, akawa ananikonyeza kama mwizi wa kuku mpaka mama yako mdogo Klara akamuuliza kama ameingiwa na vumbi jichoni. Kazi ya siri umempa mtu asiyeiweza.

Hatujambo wote. Baba yako mdogo hajambo, mkewe hajambo, mtoto wao Chediel hajambo na amevunja kibuyu changu cha maziwa. Mimi nyayo zinanichoma choma nikilala, lakini asubuhi naamka.

Vidonge nimevijaribu. Mara ya kwanza nilitia vinne, maana niliona ni vidogo kuliko punje ya uwele. Nikatema mlangoni. Sasa nimevielewa. Ule utamu unabaki ulimini muda mrefu, kama mgeni aliyeshaaga na bado amekaa.

Ila kuna shida ambayo wewe mwenye kikombe chako cha mjini hukuifikiria. Hapa nyumbani chai ni sufuria moja, na sukari inaingia humo humo ikiwa jikoni. Ni lini umeona mtu wa nyumba hii akitia kitu chake kwenye kikombe chake? Nikikataa chai wataniuliza. Nikichomoa kikopo chako mbele yao ndiyo wataniuliza zaidi. Na Winfrida unamkumbuka. Siku aliyosema tu kwamba ana sukari, kikundi chetu cha nyuki kilimwambia apumzike, mizinga yake wakampa mwingine. Hadi leo anakaa kibarazani anahesabu bodaboda zinazopita. Mimi kibarazani sikai. Mizinga yangu kumi na minne pale pembeni mwa msitu naiendea mwenyewe kwa miguu yangu.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimemwambia Klara kwamba kwa hiyo mimba yake ya miezi mitano asiiname jikoni, chai ya asubuhi na ya jioni nitapika mimi. Sukari naiacha kwenye kopo, natia vidonge vyako kwenye sufuria nzima. Tunakunywa wote.

Sasa muulize huyo daktari unayetaniana naye. Mjamzito je? Na mtoto wa miaka miwili na nusu? Mimi niliamua kwa ajili ya damu yangu. Damu zao sikuziuliza.

Jibu upesi.

Mkeo,
Bibi Felista


Singida mjini,
28 Juni 2024

Mke wangu mwenye akili nyingi,

Shikamoo tena na tena. Nimecheka barua yako mpaka Mzee Rahimu akadhani nimepata mchumba. Nikamwambia nimeshaoa, ila mke wangu anapikia nyumba nzima dawa za mapenzi kwenye sufuria.

Bibi, usiwaze. Daktari nimemwona juzi tu, tena yeye ndiye alianza kunisalimia. Nikamweleza yote, Mama mdogo Klara na mimba yake, Chediel na vurugu zake. Akacheka. Akasema hivyo vidonge hata mtoto aliyezaliwa leo asubuhi anaweza kupewa. Akasema kama ingekuwa hiari yake, angevitia kwenye maji ya bomba, nchi nzima inywe.

Nakuongezea vikopo viwili. Hapa dukani navuma kwa kuviuza. Mama mmoja wa Ilongero alikuja kununua chumvi akaondoka na kikopo, maana nilimwambia bibi yangu amekuwa msichana tena. Wanunuzi wananiita Dokta. Sijawakataza.

Hizo nyayo zinazochoma zipake mafuta ya alizeti, zikanyage polepole.

Mumeo Dokta,
Enock


Mgori,
21 Julai 2024

Mume wangu,

Marahaba, Dokta wa chumvi.

Tumepoa. Upepo wa huku mwaka huu unakata midomo. Klara anaendelea vizuri, ila siku hizi nikimkaribisha chai anasema imemshinda, eti mimba. Nilipokuwa na baba yako tumboni nami nilichukia dagaa, kwa hiyo nimemwelewa.

Leo kwenye jumuiya mama mmoja kasema hizi sukari za kutengenezwa kiwandani zinaleta saratani. Kasema ameonyeshwa kwenye simu na mwanawe. Wenzangu wote wakashika vifua. Mimi nikafungua kitabu cha nyimbo nikajifanya natafuta ukurasa. Moyo ulipiga, nisikufiche. Lakini nikasema, mume wangu ameuliza kwa daktari, tena mara mbili. Yeye kaona simu, mimi nina daktari. Nikatulia.

Jambo lingine ni nyuki. Kiangazi kimekaza, maua hakuna, mizinga ukiigonga inaitika kwa unyonge. Bwana nyuki alitufundisha wakati kama huu tuwawekee maji ya sukari kwenye sahani, na vijiti juu ili wasizame. Miaka yote nimefanya hivyo. Mwaka huu nimejiuliza. Asali yangu inanunuliwa na wazee wengi, na wengine najua wana ugonjwa kama wangu, wananiambia asali haina neno kwa kuwa imetoka porini. Sasa mimi nikiwapa nyuki sukari ya dukani, si itapitia kwenye asali iwaumize wale wazee? Nimeona niwawekee maji ya vidonge vyako. Wapate utamu, na asali iwe safi kwa wagonjwa.

Unaonaje? Usiniambie umemuuliza daktari kuhusu nyuki, nitajua unanidanganya.

Mkeo,
Bibi Felista


Singida mjini,
30 Julai 2024

Bibi profesa,

Shikamoo. Naandika nimesimama, gari la mzigo limefika na mimi ndiye nategemewa kwa mabega.

Hilo wazo la nyuki ni kubwa! Asali ya wagonjwa! Tutaiuza mpaka Dodoma, kwenye chupa tutabandika picha yako umenuna. Weka vidonge, weka vingi, nyuki watakuimbia. Nakutumia vikopo vinne.

Wa kwenye simu waache na simu zao.

Mumeo na mkurugenzi mwenzako,
Enock


Mgori,
18 Agosti 2024

Enock,

Salamu zako nimezipokea.

Nimeweka ile sahani siku nne. Siku ya kwanza nyuki walitua kwenye vijiti, wakaonja, wakaruka. Nikasema labda upepo. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaweka sahani mbili, moja ya maji ya sukari, moja ya vidonge vyako, hazikuachana hata shubiri. Ya sukari ilikauka kabla sijafika chini ya mteremko. Ya kwako ilibaki vilevile mpaka jua likaichemsha. Hata sisimizi waliizunguka wakaiacha.

Mizinga miwili imehama. Nilichelewa kuwapa chakula kwa sababu yako.

Enock, nimefuga nyuki miaka thelathini na moja. Mtu hunidanganya, kalenda ya mvua hunidanganya, nyuki hajawahi. Kitu ambacho nyuki mwenye njaa amekikataa, mimi nimekitia kwenye sufuria ya chai ya mtoto wangu tangu mwezi wa sita. Nimemnywesha Klara na kiumbe kilichomo ndani yake. Nimemnywesha Chediel.

Yule mama wa jumuiya alisema kweli, mimi nikampuuza kwa ajili ya daktari wako.

Vikopo vyote nimempa Simeoni akurudishie. Chai ya nyumba sasa naipika na sukari kama zamani. Yangu natia asali ya mizinga yangu, vijiko vitatu. Hiyo angalau najua ilikotoka.

Usiniandikie habari za daktari tena.

Bibi yako,
Felista


Singida mjini,
25 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nyuma ya magunia. Umesaini "Bibi yako". Kwani umenipa talaka kwa sababu ya nyuki?

Bibi, nyuki ni mdudu. Hajui mambo ya kisasa. Mpe nyuki soda uone kama atakurudishia chenji. Vidonge havina neno, nakuapia. Tafadhali usile hiyo asali vijiko vitatu. Sina hakika nayo, ila nahisi siyo nzuri. Nirudishie jibu hata mstari mmoja, hata tusi. Lile la "kichwa kama mtungi" nitalipokea vizuri.

Mumeo bado,
Enock


Singida mjini,
9 Septemba 2024

Bibi Felista,

Shikamoo.

Wiki mbili hujajibu. Jana nilimshika Simeoni, nikamwambia niambie ukweli. Akasema hakutaka kunitisha, ila amekuona unachechemea. Kidole cha mguu, ulichomwa na mwiba kule kwenye mizinga na hakijapona, umekifunga kitambaa na kukificha ndani ya raba. Akasema unakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka Mungaa kwa miguu.

Bibi, sikulala. Nisamehe kwanza, halafu nikwambie.

Hakuna daktari. Hajawahi kuwepo. Simjui daktari yeyote wa kutaniana naye. Madaktari ninaowajua ni wale wanaokuja dukani kununua mchele, nami nawabebea mpaka kwenye gari. Kile kikopo nilikiona kwenye rafu, nikaona picha ya kikombe cha chai, nikakukumbuka wewe, basi. Maandishi yake ni ya Kizungu, sikuweza kuyasoma. Mtu anayeitwa Dokta na wanunuzi alikuwa anauza kitu asichoweza kusoma. Uliponiuliza habari za Mama mdogo na Chediel nilitunga. Nilitaka unione nimekuwa mtu.

Leo Jumatatu Mzee Rahimu alinipa ruhusa nikaenda kliniki ile ile tulikokupima. Nilikaa kwenye foleni kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita, nimeshika kikopo mkononi. Kuna nesi anaitwa Mboni, mama mkubwa wa miwani. Akaniuliza, "Mgonjwa ni wewe?"

Nikasema, "Hapana, mke wangu."

"Ana umri gani?"

"Sabini na moja."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe kijana, umeoa au umerithi?"

Foleni nzima ilicheka. Mimi nikalia, Bibi. Sijui kilitoka wapi. Akanivuta ndani akafunga mlango, nikamweleza yote, na sufuria, na nyuki. Niliandika kila alichosema nyuma ya karatasi ya risiti, na nisipoelewa niliuliza mara mbili, mpaka akasema ningekuwa hivi shuleni ningekuwa mbali. Sasa nakuandikia kama alivyosema, bila kuongeza chumvi.

Kwanza asali. Bibi, hapa alikunja uso. Asali ni sukari kwenye damu yako, iwe ya porini au ya dukani, iwe imetengenezwa na nyuki wako au wa nani. Vijiko vitatu vya asali vinapandisha sukari kama kawaida, labda hata kidonda hicho ndiyo maana hakifungi. Akasema acha leo. Siyo Jumapili. Leo.

Vidonge vya utamu havipandishi sukari. Mtu mzima mwenye ugonjwa wako anaweza kutia kimoja au viwili kwenye chai, wanaopima mambo hayo wameweka kiwango cha kila siku na hicho hakikifikii. Lakini siyo dawa. Havishushi kitu. Dawa ni vile vya hospitali, asubuhi na jioni, na usiviache hata siku moja.

Saratani nilimuuliza. Alisema ipo aina moja ambayo wataalamu wa dunia mwaka jana waliiweka kwenye orodha ya vitu vinavyodhaniwa, kwa sababu ushahidi wake ni mdogo na bado wanachunguza, na kiwango cha kila siku hawakukibadilisha. Kwa hiyo yule mama wa jumuiya hakusema uongo wote, na mimi sikusema ukweli wote. Nilimbana: "Ukiwa umetumia miaka ishirini je?" Akasema, "Hilo bado hatulijui vizuri." Bibi, nesi mzima, ana miwani, ana cheti ukutani, kasema hajui. Mimi nilikuwa sijawahi kusema hilo neno kwa mtu.

Chediel hahitaji. Akasema mtoto mdogo anakua, anataka chakula chenye nguvu, uji wa karanga na maziwa, na ukimzoesha utamu mkali kila siku ndiyo atautafuta maisha yake yote. Hakusema amedhurika. Alisema vikombe alivyokunywa visikunyime usingizi, ila sufuria ya nyumba isitiwe tena. Mama mdogo Klara: aina nyingine zimeruhusiwa kwa mjamzito, nyingine wanashauri aziache, lazima usome kopo. Akalisoma la kwangu. Akasema hii si ile mbaya, lakini Klara aende nalo kliniki yake waongee; nimelitoa vidonge, Simeoni anakuletea tupu pamoja na barua hii. Na kuna watu wachache sana wanaozaliwa na ugonjwa wao ambao aina moja ya hivi vidonge ni sumu kwao kabisa. Dukani nilikuwa nawauzia watu bila kuuliza. Nimemwambia Mzee Rahimu, tumeandika kibao kwa Kiswahili.

Nyuki wako. Nesi Mboni alicheka kidogo, halafu akafikiri. Akasema, "Habari za nyuki sizijui. Ila nadhani nyuki anatafuta chakula cha kuishi, na hiki siyo chakula." Nikatembea na hilo neno mpaka dukani. Nyuki wako hawakukataa sumu, Bibi. Walikuwa na njaa, wakakataa kitu kisichoshibisha. Wewe, kwa huo ugonjwa wako, unatafuta utamu usioingia kwenye damu. Nyuki na wewe mnataka vitu tofauti. Hilo la mwisho ni langu, siyo la nesi, kwa hiyo usiliamini sana.

Nilipokuwa natoka aliniita. Akasema: "Mwambie huyo mkeo, kilicho bora kuliko vyote ni kupunguza utamu taratibu mpaka ulimi usahau. Na akitaka kunywa chai yake salama, itabidi awaambie wa nyumbani kwake. Sufuria moja haiwezi kuficha ugonjwa na kulinda watoto kwa pamoja."

Mimi siwezi kukulazimisha. Siri ni yako. Najua unaogopa kibaraza. Lakini kidole Bibi, nesi aliposikia habari ya kidole alisimama. Akasema kidole cha mtu mwenye sukari hakisubiri. Ulinilea kwa miguu hiyo. Ulinibeba mgongoni mpaka zahanati nilipokuwa na degedege, wewe mwenyewe ndiye ulinisimulia.

Waambie. Au nikubalie mimi nimpigie Baba mdogo nimwambie. Sitapiga mpaka useme. Lakini sema haraka.

Mjukuu wako,
Enock


Mgori,
22 Septemba 2024

Mume wangu,

Marahaba. Marahaba zote nilizokunyima nimezirudisha hapa.

Barua yako Simeoni aliileta Jumanne, na safari hii hakukonyeza. Nimeisoma mara tatu. Habari ya daktari wako wa uongo isikuumize sana. Daktari gani mkubwa atataniana na kichwa kama mtungi? Nilijua tangu barua ya pili, aliposema anataka kuvitia kwenye maji ya bomba. Nilikuamini kwa sababu nilitaka kuamini. Kosa hilo tuligawane.

Jioni ile ile nilipika chai bila kitu chochote ndani. Nikaitenga mkekani na kopo la sukari pembeni, na kijiko. Antipasi akakaa, akatazama kopo, akanitazama.

"Mama, leo sukari umesahau?"

"Sijasahau," nikasema. "Kila mtu atie yake. Mimi sitatia. Nina ugonjwa wa sukari tangu mwezi wa tano."

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani Klara atalia. Walitazamana tu. Chediel akachukua kijiko akaanza kukilamba kikiwa kitupu.

Klara akasema taratibu, "Mama, tunajua."

"Mnajua nini?"

"Tunajua. Ile wiki yako ya kwanza ya kupika, chai ilikaa mdomoni mpaka saa nne asubuhi. Nikasema Mama anatia nini humu? Nikafungua sanduku lako kutafuta, unisamehe, nikakuta kadi ya kliniki na kile kikopo."

"Kwa hiyo mlikuwa mnakunywa mkijua?"

"Kunywa?" Antipasi akasema. "Mama, mimi mwezi wa tatu huu nakunywa chai kwa Abraham dukani kwake, na vitumbua vyake ni vigumu kama kwato. Klara anamwaga ya kwake nyuma ya choo. Chediel anapewa uji jikoni kabla hujachemsha maji. Kikombe chake ukigeuka tu kinakwenda kwa mbwa."

Nikakaa. Hata vidonge nilipoviacha hawakujua. Nilikuwa nimebeba roho za watu watatu kifuani tangu siku ya zile sahani, nikijiona muuaji. Kumbe muuaji wa mbwa, na mbwa mwenyewe mzima, alikuwa amelala mlangoni.

"Mbona hamkusema?"

Klara akasema, "Lilikuwa lako, Mama. Tulikuwa tunakusubiri."

Antipasi alinishika mguu, akauweka juu ya goti lake, akavua raba, akafungua kitambaa. Akakitazama kidole kile kwa muda mrefu. Mtoto wangu huyo, ambaye simu anaongea na kijiji kizima kinasikia, alinong'ona: "Kesho alfajiri tunakwenda."

Tulikwenda. Hospitali walikikwangua, nikang'ata kanga. Daktari alisema ningechelewa wiki mbili nyingine wangekikata. Sasa kinafunga, nyama yake imekuwa nyekundu nzuri. Sukari ilikuwa juu sana, jana imeshuka, haijafika wanakotaka lakini inakwenda. Klara amepeleka kile kikopo kitupu kliniki yake, wamemwambia vidonge kwa sasa aviache, naye kacheka, kasema alishaviacha tangu mwezi wa sita.

Kikundi nacho nimekiambia. Walianza maneno ya kupumzika. Antipasi alikuwa amekuja nami, akasema yeye atabeba mizinga na mimi nitapuliza moshi na kutoa amri, na asiyetaka amri zangu aseme hapo hapo. Mizinga imebaki yangu. Nyuki nimewapa maji ya sukari, wamekunywa. Mmoja wa mizinga iliyohama umepata wageni wapya. Nimenunuliwa buti.

Kikopo kimoja nirudishie, kwa siku ambazo moyo utanisumbua. Kimoja tu, na kitakaa kwenye kabati mbele ya watu.

Ila nilitaka nikusimulie jioni ile ilivyoisha. Baada ya Antipasi kunifunga mguu, Klara alimimina chai upya, kila mtu akatia sukari yake. Mimi nilishika kikombe changu kama kilivyo. Wote wakajifanya hawaniangalii. Ilikuwa chungu, mume wangu, nisikudanganye, na ina ladha ya majani kabisa, sijui miaka yote ilikuwa imejificha wapi. Nilimaliza. Nikamsogezea Klara kikombe, nikasema, "Niongeze."

Mkeo,
Bibi Felista